Trekta ni ya nchi gani? Soma kibati kwanza

Tangu kampeni ya ukaguzi wa zana za kilimo ianze, swali linaloongoza hapa kwenye kitengo chetu cha majaribio ni lile lile. Mwenye hela anauliza "hii ni ya Mjerumani kweli?", mwenye bajeti ndogo anauliza "hii ya Mchina itadumu?". Na malalamiko yanakuja hivyo hivyo, mtu pawatila (trekta ndogo ya kusukuma kwa mkono) imemfia katikati ya msimu, hana risiti, hana namba ya injini, hana hata kitabu chake, ila ana uhakika na kitu kimoja tu, kwamba aliambiwa ni mali ya Japani. Sasa mkaguzi aanzie wapi?

Nchi ilikotengenezwa mashine ina umuhimu wake, sikatai, na nitafika huko. Ila watu wanaitumia kupimia ubora, kazi ambayo haiiwezi, halafu wanaisahau pale inapowagusa mfukoni kabisa, yaani kwenye mafuta, spea na karatasi.

Tuanze na jina la kampuni maana hapo ndo kuna mkorogo. John Deere ni kampuni ya Marekani, sawa, ila trekta zake za mfululizo wa 6 zinatoka Mannheim, Ujerumani, na za mfululizo wa 5 zinatengenezwa Augusta kule Georgia na pia Pune, India. New Holland wana kiwanda Basildon Uingereza, wana Jesi Italia, wana India, na Uturuki zinatengenezwa na TürkTraktör. Massey Ferguson ndo usiseme. MF 240 ilitoka Coventry, Uingereza kwa miaka mingi, kiwanda kile kikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ila modeli hiyo hiyo Millat Tractors wa Pakistani wameitengeneza kwa leseni, na injini yake ni muundo wa kampuni ya injini ya Perkins, wa silinda tatu. Kwa hiyo mtu akikuuzia "Massey 240 ya Mwingereza" na anasema imetoka kiwandani mwaka 2015, aidha hajui anachosema au anajua sana.

Na hapo bado hujafungua boneti. Injini inaweza kuwa ya nchi moja, pampu ya sindano ya nchi nyingine, beringi na tairi kwingine kabisa. Forodha wenyewe wana kanuni yao, bidhaa iliyopita nchi nyingi inahesabiwa ni ya pale ilipofanyiwa kazi kubwa ya mwisho iliyoibadilisha, kwa hiyo neno "imetengenezwa" kwenye karatasi ni jibu la kiforodha. Halisemi chuma kilipikwa vipi.

Kinachosema kitu cha maana ni kibati. Kile kipande cha chuma kwenye chesesi au pembeni ya gia boksi, chenye jina la mtengenezaji, modeli, mwaka, uzito, nguvu na namba ndefu ya mashine. Chukua mfano wa John Deere 5075E. Ukiona namba inaanza na 1PY, hiyo imetoka Pune. Ikianza na 1LV imetoka Augusta. Zote mbili zinaanza na 1, kwa hiyo anayewaambia watu kuwa "namba ikianza na moja ni ya Marekani" amechukua sheria ya magari madogo akaibandika kwenye trekta, na watu wamemwamini. Kila kampuni ina mpangilio wake, wakala halali anaweza kukusomea namba yako akiwa amekaa kwenye kompyuta yake na haimchukui muda. Muuzaji akikataa kukutumia picha ya kibati kabla hujalipa, achana naye, tafuta mwingine.

Kibati kikague hivi: angalia rivets, yaani vile vipini vinavyokishika. Vya kiwandani vinafanana vyote, vimekaa sawa, rangi imepita chini yake au juu yake kwa mpangilio mmoja. Kibati kilichobadilishwa utakuta kipini kimoja cha alumini kinang'aa na kingine kimechakaa, au kuna tundu la zamani linachungulia pembeni ya kibati kipya. Halafu nenda kwenye bloku ya injini, tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Pitisha kidole. Ukikuta eneo hilo limelainika kuliko chuma kilichozunguka, na tarakimu zimepanda na kushuka kama zimegongwa kwa mkono, hapo grinda imepita. Usibishane na muuzaji, piga picha uondoke.

Sasa tuje kwenye vitu ambavyo naomba kabisa watu waache kutuletea kama ushahidi. Namba za msimbo pau, ile mistari ya kuskani. Eti 690 hadi 699 ni China, 890 ni India, 400 hadi 440 ni Ujerumani, kwa hiyo bidhaa imetoka huko. Hapana jamani. Zile tarakimu za mwanzo zinaonyesha ofisi ya GS1, shirika linalotoa namba za msimbo pau, iliyoipa kampuni namba, basi. Kampuni iliyosajiliwa Ujerumani inaweza kutengeneza China na msimbo ukabaki wa Ujerumani. Alama ya CE nayo, kuna wanaosema herufi zikikaribiana ni "China Export", hiyo ni stori ya mitandaoni, hakuna alama rasmi kama hiyo. CE maana yake mtengenezaji anatangaza kwamba bidhaa inafuata masharti ya usalama ya soko la Ulaya, na kwa mashine nyingi anajitangazia mwenyewe. Haisemi imetoka wapi na haisemi itadumu miaka mingapi. Na ISO 9001 ni cheti cha namna kampuni inavyoendesha shughuli zake, hakuna trekta yenye ISO 9001, muuzaji akikwambia "mashine hii ina ISO" muulize ISO ipi, utaona anavyobadilisha mada.

Hili la kuogopa au kuabudu nchi sio geni. Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria ya alama za bidhaa, na moja ya shabaha ilikuwa kuwashtua wanunuzi wasidanganywe na visu na zana za Ujerumani zilizokuwa zinagongwa alama za Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu. Maandishi ya kwamba kitu kimetoka Ujerumani yalikuwa ni kama onyo. Angalia leo yanauzia bidhaa kama sifa.

Dawa iliyofanya kazi ni kupima mashine, na mfano mzuri uko Nebraska, Marekani. Mkulima mmoja, Wilmot Crozier, alinunua trekta ya jina la Ford ikamsumbua mno, na haikuwa ya Henry Ford, ilikuwa ya kampuni ya Minneapolis iliyomchukua mtu mwenye jina la ukoo Ford ili itumie jina lake kwenye biashara. Yaani feki wa enzi hizo, tena wa nchi hiyo hiyo aliyokuwa anaishi mkulima mwenyewe! Crozier akaingia bunge la jimbo, na mwaka 1919 sheria ikapita: modeli ya trekta haiuzwi pale bila kupimwa, na anayeuza lazima awe na spea na huduma ndani ya jimbo. Upimaji ukaanza 1920. Sheria haikuuliza trekta ni ya nani, iliuliza inavuta nini na spea ziko wapi. Baadaye OECD, jumuiya ya nchi ya ushirikiano wa kiuchumi, nao kuanzia 1959 wakaweka utaratibu wa kimataifa wa kupima trekta, na leo India na China wamo humo pamoja na Ulaya na Marekani. Kwa hiyo mwombe muuzaji ripoti ya majaribio ya modeli husika. Ripoti, sio brosha. Ripoti itakupa nguvu kwenye PTO (shafti ya nyuma inayoendesha zana), mafuta yanayoliwa kwa saa, uwezo wa kunyanyua nyuma, na kama fremu ya kumkinga dereva trekta ikipinduka imejaribiwa.

Kwenye nguvu ndo watu wanaumia zaidi, hasa injini ndogo za petroli za pampu na palizi. Utakuta imeandikwa 168F, mnunuzi anadhani ni modeli ya kampuni fulani. Hayo ni maelezo tu ya Kichina: silinda 1, kipenyo milimita 68, F inapozwa kwa hewa. Viwanda vingi vinatengeneza 168F, kimoja kizuri na kingine janga, na nyingi zinafuata umbo la injini ya Honda. Kibandiko kinasema nguvu farasi 6.5 au 7. Honda GX200 yenyewe, yenye kipenyo hicho hicho cha milimita 68, mtengenezaji anaitangaza kwa 5.5 ukitoa mizigo ya injini yenyewe. Sasa nakala imepataje nguvu kuliko mwenye nayo? Na usisahau, Honda hao hao wanatengeneza injini za GX China na Thailand pia, na ni orijino kabisa, kwa hiyo "ya China" na "feki" ni maneno mawili tofauti, tuyatenganishe.

Basi nchi ina maana wapi? Kubwa kuliko zote ni nchi ambayo mashine ilitengenezewa soko lake, na hiyo inaweza isiwe nchi ilikotengenezwa. Trekta ya kisasa ya soko la Ulaya au Marekani imefungwa chujio la masizi kwenye egzosi, mara nyingi na mfumo wa kuongezewa maji ya urea, na imepangiwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni Ulaya, 15 Marekani. Ukiipeleka mahali dizeli ina salfa nyingi, mfumo wa egzosi unaharibika, kompyuta inapunguza nguvu, na fundi anashauri "tuzibe tu". Modeli yenye jina karibu lile lile iliyotengenezewa soko lenye masharti mepesi haina mifumo hiyo na ingefanya kazi vizuri tu. Trekta kuukuu za soko la ndani la Japani nazo ni nzima, injini tamu, ila maandishi ni ya Kijapani na modeli nyingi hazijawahi kuuzwa rasmi nje, kwa hiyo wakala wa kampuni hiyo hiyo anaweza asiwe na spea zake wala kitabu. Sehemu ya nyuma, yaani PTO ya mizunguko 540 kwa dakika na mikono mitatu ya kunyanyulia, inafuata viwango vya kimataifa, hapo nchi haikusumbui sana, pima tu pini ni za milimita 22 au 28 ujue jembe lako litaingia.

Ya pili ni karatasi, na hapa naomba msome taratibu hata kama mna haraka. Viwango vya faini vinatofautiana kwa sheria ya kila nchi lakini utaratibu unafanana. Pale ambapo ukaguzi unafanyika nchi mzigo unakotoka, mwagizaji anaomba kabla mzigo haujapakiwa, anaambatanisha ankara, orodha ya vifungashio na ripoti za majaribio, mkaguzi anaenda kuona mashine yenyewe na kulinganisha namba za chesesi na injini moja moja, ndipo cheti cha ulinganifu, yaani karatasi ya kuthibitisha mashine inafuata viwango, kinatoka. Cheti kinabeba namba. Mashine ikifika na namba ambayo haimo kwenye cheti, cheti hakiifuniki hata kama ni modeli ile ile, rangi ile ile, kontena lile lile. Mzigo uliofika bila cheti unakaguliwa bandarini kwa gharama ya mwagizaji pamoja na faini, ambayo mara nyingi inahesabiwa kwa asilimia ya thamani, na ukifeli unarudishwa ulikotoka au unaharibiwa, vyote kwa gharama yake. Gharama za kuhifadhi zinaendelea kuhesabika siku zote hizo, na kutulilia kwa simu usiku hakuzisimamishi.

Kwa kuukuu kuna la ziada. Kuna kiwango cha kimataifa cha afya ya mimea, ISPM 41 cha mwaka 2017, kinachohusu mashine zilizotumika. Udongo kwenye tairi, mabaki ya mimea kwenye redieta, mbegu kwenye mashine ya kuvunia, vyote vinahesabika kama hatari ya kuingiza wadudu na magonjwa, na mzigo unaweza kuzuiwa hadi usafishwe au ufukizwe. Osheni mashine huko huko, kwa presha, hadi chini kabisa ya mashine. Watu wanaona tunawaonea kwa "tope kidogo".

Na kubandika nchi ya uongo kwenye mashine ni kosa. Mkataba wa Madrid wa mwaka 1891 unazitaka nchi wanachama kukamata bidhaa zenye alama ya asili ya uongo au ya kupotosha zinapoingizwa. Duka linalobadilisha kibati baada ya mzigo kutoka forodhani haliko salama pia, sheria za walaji na alama za biashara zinalifuata. Ila bila risiti yenye namba ya mashine, sisi tunabaki na neno lako dhidi ya lake, na hatuwezi kutoa maoni rasmi kwa mashine ambayo hatujaiona.

Kama umeshanunua na una wasiwasi, piga picha kibati, namba ya bloku, mita ya masaa na risiti, leta vyote kabla muda wa dhamana haujaisha. Usimruhusu fundi kufungua injini "aangalie kidogo" wala kubadilisha pampu. Bolti ikishalegezwa muuzaji atasema mmeharibu wenyewe, na mkaguzi hatakuwa na cha kumjibu.