Kirusi, hasidi na mdakuzi: antivairasi inazuia nini hasa

Wiki iliyopita mama mdogo alinipigia simu, sauti imechoka. "Mwanangu, kompyuta imeingia virusi tena. Nilitafuta bei ya cherehani mara moja tu, sasa kila nikifungua gazeti naoneshwa cherehani. Na antivairasi si nilinunua?"

Alinunua kweli. Tena fundi alimwekea mbili, kwa bei ya mbili, ati zisaidiane.

Sikumlaumu. Maneno hayohayo nimeyasikia kwa mwalimu, kwa karani wa benki, hata kwa kijana anayeuza kompyuta: weka antivairasi, hakuna atakayekuona. Safari hii nimeona niandike.

Maana kwanza, haraka. Antivairasi ni programu inayokagua mafaili na programu nyingine ndani ya kompyuta, ikitafuta alama za wabaya wanaojulikana na mienendo ya kutia shaka, ili izuie zile za kudhuru. Kiendelezi cha faragha ni kijiprogramu kinachokaa ndani ya kivinjari, iwe Chrome, Firefox au Edge, na kuzuia kurasa zisiwasiliane na kampuni za pembeni zinazorekodi unachosoma. Basi. Kinachonikera kiko kwenye majina.

Tuanze na virusi. Kwa Kilatini, virus ni sumu, au ute wenye madhara. Neno likapita kwa madaktari, likatufikia sisi likiwa tayari limevaa vi- kichwani. Mswahili akiona vi- haulizi mara mbili: kama kuna virusi, kuna kirusi kimoja. Wapo wanaolikemea neno hilo kila wanapolisikia, na naomba wapumzike. Ki- ya kitabu nayo haikuwa kiambishi huko Uarabuni ilikotoka, na leo tuna vitabu. Madereva nao walilichukua agizo la Kiingereza la kukaa kushoto, wakalifanya kipilefti, kikazaa vipilefti. Lugha imefanya kazi yake. Angalizo langu ni moja tu: Kirusi chenye herufi kubwa ni lugha ya Moscow, kwa hiyo hiki chetu kiandikwe kwa herufi ndogo.

Kwenye kompyuta, jina hilo lilipata maana mahususi. Fred Cohen, aliyekuwa mwanafunzi kule University of Southern California, aliandika mwaka 1984 kwamba kirusi ni programu inayoambukiza programu nyingine kwa kuzibadilisha ili zibebe nakala yake. Jina lenyewe alipendekezewa na mwalimu wake, Leonard Adleman. Angalia sharti lililomo: lazima kijinakili ndani ya kitu kingine. Brain, cha mwaka 1986, kilitimiza sharti hilo kwa kujipachika kwenye diski laini za siku zile. Kilitengenezwa na ndugu wawili wenye duka la kompyuta mjini Lahore, Pakistan, nao waliweka humo majina yao, anwani na namba za simu, kama fundi anayejitangaza ukutani. Lakini programu iliyotikisa intaneti Novemba 1988, ya Robert Morris, ilisambaa yenyewe toka mashine hadi mashine bila kuhitaji programu ya kuipanda. Hiyo si kirusi, ni mnyoo. Nayo programu inayojifanya mchezo au risiti, ukaifungua mwenyewe, ikayafunga mafaili yako na kudai fidia, mara nyingi si kirusi vilevile.

Jina la ukoo mzima ni programu hasidi, na hapa nampa heko aliyelitunga. Hasidi ni mwenye husuda, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Anataka kilicho chako kiharibike, au kiwe chake. Antivairasi, pamoja na jina lake la kizamani, ilishaacha kushughulika na virusi peke yake. Kazi yake ni mahasidi wote.

Sasa tuirudie cherehani ya mama mdogo. Hapo hasidi yuko wapi? Hakuna faili lililoharibika, hakuna nywila iliyoibwa. Kuna duka lililotaka kumuuzia cherehani, na kampuni ya matangazo iliyokumbuka kwamba aliitazama. Mara nyingi hukumbuka kwa kidakuzi, yaani alama ndogo ya maandishi ambayo tovuti huiacha kwenye kivinjari chako ili ikutambue ukirudi. Ilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari cha enzi hizo, na kwa Kiingereza inaitwa cookie, yaani biskuti. Mtafsiri wetu angeweza kutuletea biskuti pia tukabaki tunashangaa. Badala yake tumepata neno la ukoo wa udaku. Mdakuzi ni mtu wa kupekua mambo ya watu na kuyatangaza. Magazeti ya udaku mnayajua. Kidakuzi basi ni mdakuzi mdogo, na kwa maoni yangu tafsiri imelishinda neno la asili. (Tuwe waungwana: si kila kidakuzi ni mmbea. Kile kinachokumbuka kwamba umeshaingia kwenye barua pepe yako ni mtumishi mwema. Wa kutazamwa ni vile vya kampuni za pembeni, ambazo tangazo lao liko kwenye tovuti nyingi na kila mahali wanakutambua.)

Hasidi anataka kukudhuru, mdakuzi anataka kukujua. Mlinzi wa getini anamzuia wa kwanza. Wa pili hana haja ya kuingia getini: amekaa barazani ng'ambo ya barabara, anahesabu nani kapita na kabeba nini. Huyo hazuiwi kwa mlinzi wa pili, unashusha pazia.

Na kuna siku mlinzi mwenyewe alikuwa mdakuzi. Avast ni kampuni iliyoanzia Jamhuri ya Czech, na antivairasi yake ya bure imetumika duniani kote. Januari 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba kampuni yake tanzu, Jumpshot, ilikuwa inauza kumbukumbu za tovuti walizotembelea watumiaji. Jumpshot ikafungwa mwezi huohuo. Februari 2024 tume ya Marekani inayosimamia biashara, FTC, ikatangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5 na kupigwa marufuku kuuza data hizo kwa ajili ya matangazo. Sehemu ya data ilikusanywa kupitia viendelezi vya kivinjari vilivyonadiwa kwamba vinawakinga watu na wafuatiliaji. Ukimwambia mtu wa aina hii kwamba usalama na faragha ni kitu kimoja, lazima afurahi.

Kwa mama mdogo nilifanya machache. Niliziondoa antivairasi zote mbili, maana zilikuwa zinagombania kila faili na kompyuta ilikuwa inatambaa. Windows ina Defender ndani yake, ambayo tangu Windows 8 ya mwaka 2012 ni antivairasi kamili. Husogea pembeni ukiweka nyingine, na ukiiondoa hiyo inarudi kazini. Masasisho ya Windows, ambayo alikuwa anayaahirisha kila jioni, nikayaruhusu. Kisha nikamwekea Firefox na kiendelezi kimoja, uBlock Origin cha Raymond Hill, ambacho ni bure na mwenyewe hapokei hata michango. Chrome imebadilisha kanuni zake za viendelezi, kwa hiyo wa huko wanapata toleo jepesi lenye neno Lite mwishoni; linasaidia, ila mikono yake imefungwa kidogo. Kimoja kinatosha. Kiendelezi cha namna hii huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data zako kwenye tovuti zote, na sioni sababu ya kuwapa ruhusa hiyo watu sita kwa ajili ya kumkwepa mmoja.

Juzi kapiga tena. Cherehani hazionekani.

"Kwa hiyo virusi vimeisha, mwanangu?"

"Havikuwa virusi, mama. Vilikuwa vidakuzi."

Akanyamaza kidogo. "Yaani muda wote huo ni udaku tu?"

"Ni udaku tu, mama."