Shamba la skimu halikutolewa bure

Napima ardhi Nyandarua, na kama kuna kauli nimechoka kuisikia ni hii: "Shamba hili babu alipewa na serikali bure." Ikishatamkwa najua kinachofuata. Familia inataka nipande bikoni, yaani alama za mipaka, wiki hii hii, na kila kijana awe na hati yake kabla ya msimu wa viazi.

Babu hakupewa, aliuziwa. Skimu ya Ekari Milioni, mpango wa serikali wa kuwahamishia wakulima Waafrika kwenye mashamba ya walowezi, ilipoanza 1962, mashamba hayo yalinunuliwa. Mzungu alilipwa akaenda zake. Pesa zilitoka Uingereza, nyingine ruzuku, nyingine mkopo, na Benki ya Dunia nayo ikakopesha kwa baadhi ya skimu. Mkopo huo ukateremshwa hadi kwa mkulima. Mtu alitoka Kiambu au Murang'a, ambako ndugu walikuwa wamebanana kwenye vishamba visivyotosha hata mahindi ya mwaka, akafika Kinangop akapokea ploti pamoja na deni: la ardhi kwa miaka 30, riba ya asilimia 6.5, na jingine la ng'ombe, mbegu na nyaya za ua kwa miaka 10. Malipo yalikuwa kila nusu mwaka. Ng'ombe alipokufa, deni lake lilibaki hai.

Wapo walioacha kulipa kwa makusudi, wakisema mtu hawezi kuuziwa ardhi aliyonyang'anywa. Hoja hiyo ina uzito. Bildad Kaggia, mpigania uhuru aliyekuwa waziri msaidizi, aliipigania mpaka akapoteza wadhifa wake serikalini 1964. Lakini rejista ya ardhi haisomi hoja, inasoma maandishi, na iliyoandikwa ni rehani ya Wadhamini wa Mfuko wa Makazi, ambao wazee hadi leo wanawaita SFT, kifupi cha jina lao la Kiingereza, Settlement Fund Trustees. Sheria ya Ardhi ya 2012 iliuweka mfuko chini ya utaratibu mpya. Mdai akibadilisha jina, deni linabaki pale pale.

Hapo ndipo wateja wangu hukwama. Wananiletea barua ya ugawaji iliyokunjwa mara nne, maandishi ya kwenye mikunjo yameshafutika, wakidhani ni hati miliki. Barua ile inasema babu alipata ploti namba fulani kwa masharti fulani. Haisemi kwamba alimaliza kulipa. Mimi siwezi kugawa shamba lenye rehani kwa sababu tu kila mtu kijijini anajua ni lenu.

Basi kabla ya kunipigia simu, chukua namba ya ploti uende ofisi ya makazi inayoshughulikia skimu yenu, uombe taarifa ya akaunti ya mkopo. Halafu fanya upekuzi wa rejista kwa msajili wa ardhi. Risiti za zamani usizitupe, hata zilizotafunwa na panya. Nimeona familia ikiokolewa na risiti tatu zilizokaa chini ya godoro. Deni likiisha, rehani huondolewa rasmi. Bila hatua hiyo, mnayemlipa awapimie anawala pesa tu.

Madai mengine ninayoyasikia nitayapitia haraka.

"Jirani ana ekari nyingi kuliko sisi, tuliibiwa." Si lazima. Ploti zilikatwa kwa kukadiria kipato ambacho udongo na mvua vingeweza kutoa baada ya kulipa mkopo, kwa hiyo penye udongo hafifu eneo lilikuwa kubwa. Zilikuwepo pia skimu za watu waliokuwa na mtaji wao kiasi, na wao walipata mashamba makubwa zaidi.

"Mashamba yote ya Wazungu yaligawiwa maskini." Wazungu walitengewa zaidi ya ekari milioni 7. Skimu hii ilichukua milioni moja na kitu, kwa familia kama 35,000. Mengi ya yaliyobaki yaliuzwa mazima mazima kwa wenye uwezo, kwa kampuni na vyama vya ushirika.

"Sheria inakataza mtu kumiliki zaidi ya ekari kadhaa." Katiba ya 2010 ililiagiza Bunge kuweka kiwango cha chini na cha juu. Mswada uliletwa 2015, haukupita.

"Barua ya chifu inatosha kurithi." Inatambulisha warithi tu. Mirathi inafunguliwa mahakamani, na mabinti wamo, walioolewa na wasioolewa. Tafadhali msiniletee orodha ya wavulana watupu.

"Tukikubaliana nyumbani, yatosha." Ardhi ya kilimo inahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano.

Nanyi mnaotaka kukata ekari kumi vipande vinane: vijana wawili wakubali kununuliwa sehemu zao na wenzao, shamba libaki la kulimika. Mkishindwa kabisa, choreni njia kwanza, pana ya kupita lori la maziwa, ndipo mgawane kinachobaki. Mara nyingi naitwa kupima upya kwa sababu wa nyuma hana pa kutokea.