Tumbo la Mtoto Mwenye Usonji: Bakteria Wanahusika Vipi?

Wazazi wengi wa watoto wenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na tabia) wameshatumiwa ujumbe ule kwenye makundi ya WhatsApp: usonji unaanzia tumboni, utumbo wa mtoto umejaa bakteria wabaya, na wakiondolewa mtoto ataongea. Aghalabu mwisho wa ujumbe kuna bei ya vidonge.

Madai haya yana chanzo. Watoto wenye usonji husumbuliwa na tumbo kuliko wenzao. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta uwezekano huo ni takriban mara nne. Wanafunga choo, wanaharisha, tumbo linawauma. Na choo chao kikipimwa maabara, mara nyingi mchanganyiko wa bakteria huwa tofauti. Mwaka 2024 watafiti wa Hong Kong waliopima watoto zaidi ya 1,600 waliona tofauti hizo hata kwenye kuvu na virusi vya tumboni.

Lakini kipi kilitangulia? Hapo ndipo matangazo yanapowapotosha wazazi. Mwaka 2021 watafiti wa Australia walichunguza watoto 247, wakiwemo 99 wenye usonji na baadhi ya ndugu zao wasio nao. Walipozingatia kile ambacho kila mtoto anakula, uhusiano wa moja kwa moja kati ya usonji na bakteria ulikuwa mdogo mno. Chakula ndicho kilichojitokeza. Wengi wa watoto hawa huchagua sana: huyu anataka chipsi na mkate mweupe tu, yule hagusi chochote chenye rojorojo, mwingine anakataa sahani yote kwa sababu mchicha umegusa wali. Bakteria wengi wa utumbo mpana huishi kwa nyuzinyuzi za mboga, maharage, matunda na nafaka isiyokobolewa. Zisipofika, aina zao hupungua na choo hubadilika. Mjadala wa kisayansi unaendelea, ila kwangu maelezo haya yana nguvu kuliko yale ya bakteria kuleta usonji. Zaidi ya hapo, utafiti wa mwaka 2019 uliofuatilia watoto milioni 2 katika nchi tano ulikadiria kuwa takriban asilimia 80 ya tofauti kati ya mtu na mtu katika kupata usonji inatokana na urithi. Mama asinyooshewe kidole kwa alichopika.

Kuna jaribio la Arizona, Marekani, ambalo wauzaji hupenda kulitaja. Mwaka 2017 watoto 18 wenye usonji na matatizo ya tumbo walipewa antibayotiki, wakasafishwa utumbo, kisha wakapewa kwa wiki kadhaa bakteria waliotolewa kwenye choo cha watu wenye afya. Shida za tumbo zilipungua kwa karibu asilimia 80, na tabia nazo zikapata nafuu. Matokeo haya yanatia moyo, na yanastahili kuchunguzwa zaidi. Ila hapakuwa na kundi la watoto wenye usonji waliopewa dawa bandia ili kulinganisha, na kila mzazi alijua mwanawe anapewa nini. Hilo si jambo dogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 homoni iitwayo sekretini ilisifiwa hivyohivyo kama tiba ya usonji. Ilipopimwa vizuri mwaka 1999, watoto waliochomwa maji ya chumvi tu, yasiyo na dawa, walipata nafuu sawa na waliochomwa homoni.

Kwa hiyo usijaribu kumwekea mtoto choo cha mtu mwingine nyumbani. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa wawili waliowekewa choo cha mtu mwingine kwenye majaribio ya tiba kuambukizwa bakteria sugu, mmoja akafariki. Hatari zaidi ni vimiminika vya klorini daioksaidi vinavyouzwa kama tiba ya usonji: hiyo ni kemikali ya kupaushia, inaunguza utumbo. Antibayotiki za kununua bila cheti cha daktari nazo huua hata bakteria ambao mtoto anawahitaji.

Tumbo lenyewe, hata hivyo, litibiwe, kwa sababu linauma. Mtoto asiyeongea hawezi kusema tumbo linamkata. Ataamka usiku akilia, atajipiga kichwa, ataegemeza tumbo kwenye kona ya meza, atakataa kukaa chooni. Tabia kama hizi zikianza ghafla, usiseme haraka kwamba ni usonji wake tu. Andika siku anazopata choo na kilivyo: kigumu kama vipande vya mawe, au majimaji. Daftari hilo humsaidia daktari sana. Kufunga choo kuna dawa salama za kulainisha, na mtoto asiyeumwa mara nyingi hulala na hujifunza vizuri zaidi.

Chakula kibadilishwe polepole. Anza na kile anachokubali: kama ni uji mweupe, changanya unga wa dona kidogo, uongeze baada ya siku kadhaa. Chakula kipya kiweke karibu na sahani yake bila kumlazimisha. Huenda akakiona mara nyingi kabla ya kukionja. Kumkatazia ngano na maziwa bila ushauri wa mtaalamu wa lishe kunaweza kumwacha na utapiamlo, kwani vyakula vyake ni vichache tayari. Akitoa damu chooni, akipungua uzito, akitapika mfululizo, au tumbo likivimba na kuwa gumu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.