Lise Meitner na karatasi kwenye kitasa cha mlango

Tangu kampeni yetu ya usalama wa mionzi ianze, malalamiko yanayotufikia yamekuwa ya aina mbili. Wapo wanaokataa kupigwa eksirei wakihofia mionzi "itabaki mwilini", na wapo watumishi wanaoona kuvaa dosimita, kifaa kinachopima mionzi anayoipata mtu kazini, ni usumbufu. Nitawajibu wote kwa maisha ya mtu mmoja. Mwanafizikia Lise Meitner alifanya kazi na vitu vyenye mionzi kwa miongo kadhaa, akafariki mwaka 1968 zikiwa zimebaki siku 11 tu atimize miaka 90.

Alizaliwa Vienna, Austria, akapata udaktari wa fizikia mwaka 1906, kisha akaenda Berlin kushirikiana na mkemia Otto Hahn. Taasisi ya kemia haikupokea wanawake. Akapewa chumba cha chini kilichokuwa karakana ya seremala, chenye mlango wake wa nje, bila ruhusa ya kupanda kwenye maabara za juu na bila mshahara.

Baada ya miaka kadhaa karakana ile ilikuwa imechafuka kwa mionzi kiasi kwamba kupima mionzi hafifu hakukuwezekana tena. Taasisi mpya ya kemia ilipofunguliwa Dahlem, Berlin, mwaka 1912, wakahamia huko na masharti makali. Kazi za kemia zilikuwa na vyumba vyake, vipimo vya fizikia vyumba vyake. Kupeana mikono kulikatazwa. Kando ya kila simu na kila kitasa cha mlango ilining'inizwa karatasi ya chooni, ili mtu ashike kwa karatasi, si kwa mkono mtupu.

Hapo ndipo wengi wanapochanganya. Kumulikwa na mionzi ni jambo moja, kuchafuliwa na vumbi lenye mionzi ni jambo jingine. Meitner alikuwa akizuia vumbi. Mashine ya eksirei haina vumbi: ikizimwa, mionzi imekwisha, kama vile taa ikizimwa chumba hakibaki na mwanga. Tumelieleza hili mara nyingi mno, na bado wapo wanaoacha mfupa uliovunjika bila kupigwa picha kwa sababu ya uvumi.

Kwa watumishi: dosimita huvaliwa kifuani, haiazimwi, haiachwi ndani ya chumba cha mashine, na hurudishwa kusomwa kila kipindi kinapokwisha hata kama mhusika alikuwa likizo. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa ni wastani wa milisiveti (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) 20 kwa mwaka katika miaka 5, bila kuzidi 50 katika mwaka wowote mmoja. Kwa mwananchi wa kawaida ni 1. Mwajiri anayeendesha mashine bila leseni, au anayeficha matokeo ya vipimo, anaweza kusimamishiwa leseni, kufungiwa mashine kwa lakiri na kufikishwa mahakamani, kwa kadiri ya sheria ya nchi husika.

Turudi kwa Meitner. Julai 1938, kwa kuwa alikuwa wa asili ya Kiyahudi, ilimbidi aikimbie Ujerumani kupitia Uholanzi. Hahn alimpa pete ya almasi ya mama yake ya kuwahonga walinzi wa mpakani, haikuhitajika. Desemba, akiwa Sweden, barua ya Hahn ikamfikia: metali ya urani iliyopigwa kwa nyutroni, chembe ndogo za ndani ya atomu, ilikuwa imetoa elementi ya bari, yenye kiini cha atomu chepesi mno kuliko ilivyotarajiwa. Meitner na mpwa wake, Otto Frisch, wakatoka kutembea kwenye theluji huko Kungälv, wakaketi juu ya gogo, wakapiga hesabu kwenye vipande vya karatasi. Kiini cha urani kilikuwa kimegawanyika. Sehemu moja ya tano ya uzito wa protoni, chembe mojawapo ya kiini, ilikuwa imegeuka nishati, takriban volti za elektroni (kipimo cha nishati) milioni 200.

Tuzo ya Nobeli ya kemia ya mwaka 1944 ilikwenda kwa Hahn peke yake. Nasema waziwazi kwamba huo haukuwa uadilifu. Kilichomuumiza pia ni magazeti kumwita mama wa bomu la atomiki, ilhali alialikwa kwenye mradi wa bomu akakataa katakata. Hata leo tunaletewa jina hilo kama hoja ya kuipinga mionzi, na ni kosa.

Mgawanyiko alioueleza hutoa pia iodini-131, dawa yenye mionzi inayotibu tezi ya thairoidi iliyo shingoni. Mgonjwa aliyeinywa ndiye hasa anayebaki na mionzi mwilini kwa muda. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila siku 8. Atalala peke yake, atakaa mbali na watoto na wajawazito, atanawa mikono na kumwaga maji chooni mara mbili, kwa idadi ya siku alizopangiwa na daktari. Siku hizo zimeandikwa kwenye karatasi anayokabidhiwa anapotoka wodini. Akiipoteza, aombe nyingine kabla ya kufika nyumbani.