Uhandisi wa Programu Japani: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Husemwa kwamba mhandisi wa programu asiyejua Kijapani hana nafasi Tokyo, na wengine hudai kuwa lugha si kitu maadamu mtu anajua kuandika kodi. Kila upande umeshika nusu ya ukweli, kwa kuwa jibu hutegemea aina ya kampuni. Rakuten, kampuni ya Kijapani ya biashara ya mtandaoni, ilitangaza mwaka 2010 kuwa Kiingereza kitakuwa lugha yake rasmi ya kazi, na mwaka 2012 utaratibu huo ukaanza kutumika kikamilifu. Katika kampuni kama NTT Data na Fujitsu, zinazojenga mifumo ya benki na serikali, vikao na wateja kwa kawaida huwa kwa Kijapani, na matangazo ya kazi za namna hiyo mara nyingi hutaka kiwango cha N2 au N1, yaani viwango viwili vya juu kabisa vya JLPT, mtihani wa kupima ujuzi wa Kijapani.

Dhana inayowaponza waombaji zaidi ni kwamba usaili wa Kijapani ni suala la suti nyeusi na kuinama ipasavyo. Anayeinama vibaya husamehewa upesi kuliko anayeshindwa kueleza kwa nini ameichagua kampuni hiyo na si mshindani wake. Mwombaji huandaa nyaraka mbili: rirekisho, ambayo ni fomu yenye picha na tarehe za elimu na ajira, na shokumu keirekisho, inayoeleza kila mradi, muda wake, ukubwa wa timu, teknolojia iliyotumika na sehemu aliyoifanya mwenyewe. Maswali mengi huzaliwa katika waraka huu wa pili, hivyo aliyeandika tu kwamba "tulijenga mfumo" atabanwa aseme yeye binafsi alijenga nini. Majaribio ya kodi nayo yapo, hasa kwenye kampuni zenye bidhaa zao za mtandaoni.

Kuhusu saa za ziada, si kweli kwamba hazina kikomo. Tangu Aprili 2019 kwa kampuni kubwa, na Aprili 2020 kwa ndogo na za kati, ukomo wa kawaida ni saa 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka. Hata panapokuwa na makubaliano maalumu, hazipaswi kuzidi 720 kwa mwaka. Wapo wanaokiuka, lakini mgeni huumia zaidi kwa kutosoma mstari wa mshahara. Barua ya ajira inaweza kutaja yeni 400,000 kwa mwezi, kisha chini yake ikaeleza kuwa 80,000 kati ya hizo ni malipo ya saa 30 za ziada. Mshahara wa msingi hapo ni 320,000, na bonasi mara nyingi hukokotolewa kutokana na huo. Saa zikipita 30, mwajiri anawajibika kulipa zaidi. Zisipofika, fedha hiyo haikatwi.

Husemwa pia kwamba Japani mtu huajiriwa kwa maisha, yaani hubaki kampuni moja hadi astaafu. Ajira hiyo ya maisha ni desturi tu, haimo katika sheria, ingawa sheria humzuia mwajiri kumfukuza mtu bila sababu ya msingi.

Kwa vijana wa Tanzania na Kenya, mpango wa ABE wa JICA, shirika la serikali ya Japani la ushirikiano wa kimataifa, uliopokea kundi la kwanza mwaka 2014, hudhaniwa kuwa ni njia ya kuajiriwa Japani. Hutoa shahada ya uzamili na mafunzo kazini katika kampuni za huko, lakini umekusudiwa kuwaandaa watu watakaoziunganisha kampuni hizo na Afrika.