Kutoka "Watergate" hadi baga: dhana potofu kuhusu viambishi vipya vya Kiingereza

Dhana: Viambishi tamati vya Kiingereza ni urithi wa Kilatini na Kigiriki, na havizaliwi tena.

Ukweli: Vinazaliwa, tena magazetini na kwenye migahawa. Tazama "-gate". Usiku wa kuamkia Juni 17, 1972, watu watano walikamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic, kwenye majengo ya Watergate jijini Washington. Kashfa hiyo ikamfanya Rais Nixon wa Marekani ajiuzulu Agosti 1974. "Gate" ni lango tu, halina uhusiano wowote na uovu, lakini waandishi walikinyofoa kipande hicho na kukibandika kwenye kashfa nyingine. William Safire, aliyewahi kumwandikia Nixon hotuba, alikuwa miongoni mwa walioshika bango. Siri ya kuiuzia Iran silaha ilipofichuka mwaka 1986, ikaitwa "Irangate". Miongo kadhaa baadaye, sherehe zilizofanyika katika ofisi ya waziri mkuu wa Uingereza wakati wa masharti ya korona zikaitwa "Partygate". Kijana anayelisikia jina hilo huenda hamjui Nixon kabisa, na bado anaelewa kuwa kuna kashfa. Kwangu mimi, hicho ndicho kipimo cha kiambishi kilichokomaa.

Dhana: "Hamburger" ina nyama ya nguruwe, maana inaanza na "ham".

Ukweli: Asiyekula nguruwe ana haki ya kuuliza, lakini jina limetokana na mji wa Hamburg, Ujerumani. Ni Hamburg ikaongezwa "-er", yaani cha Hamburg. Wamarekani wakalikata pasipo na kiungo, wakabaki na "burger", na kufikia miaka ya 1930 "cheeseburger" ilikuwa imeshaingia midomoni. Sisi nasi tukakipokea kipande hicho kikiwa kimekwisha katwa. Ndiyo maana Dar es Salaam na Nairobi unaagiza baga ya kuku bila kuwaza habari za Ujerumani.

Dhana: Kukata neno vibaya namna hiyo ni ujinga unaoharibu lugha.

Ukweli: Ndivyo lugha inavyokua, na mkato mbaya wakati mwingine huhifadhi historia nzuri. Mwaka 1971 Wayne Oates, mchungaji na mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa kitabu kuhusu "workaholic", mtu aliyelewa kazi. Neno mama ni "alcoholic", yaani mlevi, ambalo kiambishi chake halisi ni "-ic" peke yake. Hiyo "-hol" iliyo katikati ni kipande cha al-kuhl ya Kiarabu, yaani wanja. Unga laini wa wanja uliwapa wanakemia wa Ulaya jina la kila kitu kilichosafishwa kikabaki kiini, hadi likaishia kwenye pombe. Kwa hiyo kila anayejisifu kwa kupenda kazi kupita kiasi anatamka masalia ya wanja wa macho. Nalipenda sana jambo hili.

Dhana: Mtu maarufu akitunga, basi kiambishi kimepatikana.

Ukweli: Mtunzi huzaa neno; umma ndio unaozaa kiambishi. Sputnik, satelaiti ya Kisovieti, iliruka Oktoba 4, 1957, na Aprili 1958 Herb Caen, mwandishi wa safu katika gazeti la San Francisco, akaandika "beatnik", jina la vijana waliopuuza desturi za jamii. Hata hivyo "-nik" ilikuwapo tangu zamani katika Kirusi na Kiyidi. Chombo cha anga kiliipa umaarufu tu. Yangebaki maneno mawili hayo, lingekuwa tukio la msimu. Wengine walipoanza kuwaita wapenda amani "peacenik", bila kusubiri ruhusa ya Caen, ndipo kiambishi kilipotia mizizi.