Kilima cha kaburi ni nini, na kinalindwa nini hasa

Ukisikia kilima cha kaburi usifikirie mlima wa kawaida ambao watu wamezikwa juu yake. Hiki ni kilima kilichojengwa na watu, jiwe kwa jiwe, ndani kuna vyumba na vijia vyembamba vya kupitishia maiti, halafu vyote vinafunikwa kwa mawe au udongo mpaka kwa nje unaona kichuguu kikubwa tu. Ulaya vilianza kujengwa Zama Mpya za Mawe, watu wameshaanza kulima na kufuga lakini chuma bado hakijulikani.

Chukua Barnenez, iko Brittany, kaskazini magharibi mwa Ufaransa, juu kidogo ya bahari. Ina urefu wa mita 72 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine na vyumba 11, ilianza kujengwa karibu miaka 4,800 kabla ya Kristo, yaani piramidi za Giza zilikuja miaka elfu mbili baadaye! Na mawe yamepangwa makavu, hakuna saruji wala nini, na bado yamesimama.

Sasa shida ni kwamba kwa macho ya haraka hilo ni rundo la mawe. Katikati ya miaka ya 1950 mkandarasi alihitaji mawe ya barabara akaanza kuchimba pale, kilima kidogo cha jirani kikaisha karibu chote, akahamia kwenye kikubwa, akala ubavu mzima mpaka vyumba vikatokeza nje ndipo kazi ikasimamishwa. Inauma sana ukifikiria, maana Ufaransa ilikuwa na sheria ya kulinda majengo ya kale tangu 1913.

Mwanaakiolojia Pierre-Roland Giot akachimba taratibu mpaka 1968, na hapo ndo utaelewa kinacholindwa ni nini. Dhahabu hakuna. Hata mifupa mingi imeliwa na asidi ya udongo wa kule, vimebaki vigae vya vyungu, mashoka ya mawe, na mpangilio wenyewe wa mawe. Huo mpangilio ndo ulioonyesha kwamba vilijengwa kwanza vyumba vitano, baadaye watu wakaongeza sita ubavuni. Jiwe likishang'olewa na kumwagwa barabarani huwezi kulisoma tena hata ukilirudisha, ndo maana kilima kama hiki kikishaorodheshwa kulindwa kisheria hata mwenye shamba hagusi kitu bila kibali.

Ule ubavu ulioliwa haukuzibwa. Ukienda leo unaona vyumba vimekatwa wazi kama mkate.